Mlango wa Kulia wa Gari ya Furaha

Si magoti. Najua ndiyo mlikuwa mnataka kuniuliza, ni vile mnaona haya. Magoti yangu yanalia kama bawaba ya mlango wa kanisa, lakini ngazi za basi yanapanda. Na si macho. Macho yangu yanaona mtu akificha andazi la tatu nyuma ya kopo la rangi. Wewe Brayo, ndiyo, wewe. Kilichonitoa kazini ni maneno niliyoambiwa na bibi harusi mlangoni mwa gari, na nitayasema mwisho, kwa sababu nikiyasema sasa mtarudi kwa simu zenu na hamtajifunza hata kushika msasa.

Mlisema Shosho, nyanya yenu, aseme kidogo kuhusu kazi, simu itashika sauti. Sawa. Kuandika sijui, lakini kusema, nani aliwahi kunifunga mdomo?

Kazi niliianzia Nakuru, kwa jua kali, na sikuingia kama fundi. Niliingia na ndoo ya uji. Mwenye kuuza uji anamimina, halafu anakaa kungoja vikombe vyake, kwa sababu ukimwachia fundi kikombe, kesho utakikuta kimewekwa nati na bolti. Hiyo kungoja ndiyo ilinifanya fundi. Kulikuwa na mnyoosha bodi mmoja, Mzee Omollo, mtu wa kunywa uji polepole kama anauomba ruhusa. Sauti yake ilikuwa inapitia puani yote, ngoja niwafanyie: "We mama, mikono yako imekaa bure na kikombe yangu bado imejaa. Shika hii." Akanipa kipande cha msasa. "Piga hapo kwa fenda. Usipige kama unaosha sufuria. Piga kama unalaza mtoto."

Na mimi wakati huo nilikuwa na mmoja mgongoni, kwa hivyo kulaza mtoto nilijua.

Nilipomaliza hakusema asante. Alichukua chembe ya sukari kutoka kwa kikopo changu, akaiweka kwenye boneti, akaifunika na kipande cha leso. "Funga macho. Tafuta." Nikamwambia si ningeangalia tu. Akapumua kwa pua kama farasi. "Macho ni shahidi wa kununuliwa, mama. Kiganja hakijui hongo." Nikafunga macho, nikapitisha mkono juu ya leso, polepole, na sukari ikanijia pale chini ya kidole cha kati, kubwa kama jiwe la shambani. "Haya," akasema, "leta uji ingine." Hicho ndicho cheti changu. Sijapata kingine mpaka leo, na hakuna aliyewahi kukiomba.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikuwahi kuwaambia mkiwa mnapiga kelele na mashine zenu. Nikifunga macho na kuweka kiganja kwa bati, nilikuwa natoka. Sikuwa hapo. Fenda ilikuwa mlima, na mimi natembea juu yake, nyasi zimelala upande mmoja kwa upepo wa asubuhi, hakuna mtu. Mlango ulikuwa uwanda mpana sana, na mbali kidogo naona maji. Nilikuwa naenda, naenda, halafu mahali ambapo hapafai kuwa na shimo, naingia shimo. Najikwaa kwa mkono. Hapo ndipo narudi, nafungua macho, nachora duara na chaki. Mzee Omollo alikuwa ananiuliza, "Umefika wapi leo?" Yeye alijua. Naye alikuwa anatoka.

Huku Birmingham, Uingereza, niliitwa na binti yangu, nesi, nije kumshikia watoto. Watoto wakakua, wakaniangalia kama kabati la zamani, nikatafuta kazi. Ndipo nikaja hapa gereji, hii hii, nyuma ya maduka ya Alum Rock, wakati nyinyi mlikuwa bado mnatambaa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ron, mzungu wa papa hapa. Sauti yake, kama mnavyojua wenyeji wa hapa, ilikuwa inashuka ngazi. Anaanza juu na anaishia kwa stoo ya chini ya nyumba, hata akiwa na furaha. "Mooorning, bab." Kila mtu bab, yaani mpenzi. Mimi bab, mtu wa posta bab, paka bab.

Siku ya kwanza alinionyesha mlango mmoja amepaka rangi ya kijivu, akaniuliza uko aje. Nikafunga macho. Nikamwambia chini ya kishikio kuna bonde. Akacheka mpaka kofia ikaanguka: bonde alikuwa ameliacha makusudi, anatega kila mgeni. Lakini hakuniachia nijivune. Alisema, sauti ikishuka ngazi, kwamba kiganja kinajua lakini hakiachi alama, na fundi anayejiamini kupita kiasi ni mchoraji wa mawimbi. Akanifundisha unga mweusi. Kwa hivyo hii ni ya Ron, ishikeni: kabla ya msasa wa mwisho, paka bodi yote unga mweusi mwembamba. Chukua kibao kirefu cha msasa, piga mshazari, halafu mshazari wa upande ule mwingine. Pale weusi unapobaki ni bonde. Pale bati linapoanza kung'aa ni mlima. Bonde unajaza. Mlima huujazi, unaugonga urudi chini. Kuna watu hapa, sitaji majina, Brayo, wanajaza mlima.

Ron alipostaafu alienda kukaa na mbwa wake karibu na bahari. Aliniachia kibao chake cha msasa, mti mtupu, umelika mahali alipokuwa anaweka gumba. Gumba langu lilikuwa dogo. Nililiweka humo humo mpaka likazoea.

Hayo ya gereji mengine mnayajua. Sasa ya nyumbani.

Pale Lozells, mtaa ninaokaa, jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Baba Furaha, Mkongomani wa Bukavu, dereva wa basi, mtu mpole ambaye hata kikohozi chake kinabisha hodi. Binti yake mmoja, Furaha. Walikuja huku akiwa mdogo, na Kiswahili alikuwa anasikia chote na hajibu hata neno. Unamwambia "Furaha, umekula?" anakujibu kwa Kiingereza, sauti ikishuka ngazi, Ron mtupu. Mimi ananiita Koko, ndivyo kwao wanaita nyanya. Nilimfundisha mchezo wa sukari kwenye meza ya jikoni, chini ya kitambaa cha chai. Alikuwa anafunga macho mpaka uso wote unakunjamana. Alikuwa anaipata kila mara. Akakua, akawa nesi, akapata mchumba.

Jumamosi moja Baba Furaha akanigongea mlango wa nyuma. "Mama, samahani mama, kuja uone kitu." Kwenye banda la gari, kule uchochoroni, kulikuwa na mnyama amelala. Gari ya Kiamerika ya zamani, milango miwili, ndefu kama msiba, pua imenyooka, makalio yamepanda juu. Injini yake ilikuwa nzima, ikiwashwa ilikuwa inaongea kama mzee anayedai kiti. Lakini bodi! Kutu imekula chini ya milango, sakafu unaona simenti.

"Baba Furaha," nikamwambia, "umenunua kichujio cha chai?"

Akashika ukingo wa boneti. Ngoja nimwige vizuri, huyu simchezei. "Mama, siku tulikimbia, huyu mutoto nilimubeba ku mugongo. Njia yote. Hakukuwa kiatu, hakukuwa kitu. Mama yake tulimuzika ku njia. Nikamuambia mutoto, alikuwa analala, nikamuambia: siku ya mariage yako hautakanyaga chini. Utapanda voiture ya mukubwa, na miye njo nitakuendesha." Akapangusa vumbi kwa boneti. "Na usukani iko ku gauche, ku kushoto, mama, kama kwetu."

Nyuma yake Furaha akasema kwa Kiingereza chake kwamba Dad, teksi inatosha. Hakuna aliyemsikia. Harusi ilikuwa mwisho wa kiangazi, gari ilikuwa bati la kuchuja chai, na rangi aliyotaka ni nyeusi. Nyeusi! Mnajua nyeusi haisamehe. Nyeupe inaficha dhambi, nyeusi inazisoma kwa sauti. Nikamwambia nitafanya. Mimi na kiganja changu.

Kila Jumamosi baada ya gereji nilikuwa huko, na Jumapili baada ya kanisa. Kwanza unagonga na kifundo cha kidole na kusikiliza. Bati zima linajibu "ti." Penye puti nyingi, ile ya kujazia mashimo, linajibu "tu," kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Ubavu wa nyuma ulikuwa "tu" mtupu. Tukaupasua, tukakuta mtu wa zamani amejaza waya wa kuku na gazeti, halafu puti juu yake nene kama ugali wa harambee. Baba Furaha akatoa gazeti, akalikunjua, akaanza kusoma matokeo ya mpira. "Mama, hii timu ilishinda!" Nikamwambia weka chini hiyo, shika grinda.

Kata kutu mpaka uone bati linacheka. Usihurumie. Kiraka kichomelee nukta moja hapa, uende kule mbali nukta nyingine, urudi katikati, na katikati yake unywe chai. Ukichoma mahali pamoja bati linakunja uso, na bati likishakunja uso ni kama mama mkwe, utampigia magoti miaka. Baba Furaha alikuwa anashika taa na kuomba Mungu kwa Kifaransa.

Halafu nyundo, halafu puti kidogo, halafu msasa. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Mlango wa banda uko wazi, vumbi la kijivu linaelea kwenye jua, halitaki kushuka. Adhana inatoka upande huu, upande ule mtu anakaanga vitunguu, na sisi katikati kimya. Gari imepakwa kijivu yote, imelala kama kiboko asubuhi. Nafunga macho, naweka kiganja, na naenda. Safari hizo zilikuwa tamu kuliko zote. Uwanda ulikuwa mpana, hakuna shimo, hakuna jiwe, naenda tu kama mtu aliye kwenye maji. Nilifikiri, leo nimefika. Nimekuwa fundi mpaka bati linaninyookea lenyewe.

Furaha alikuwa anakuja na chai, kwa yunifomu yake. Siku moja aliniangalia nikishika kikombe kwa kiganja kizima, chai imetoka jikoni sasa hivi. Yeye alikuwa amekishika kwa mkono wa sweta. "Koko, that's hot," akasema, yaani ni ya moto. Nikamwambia mimi nilizaliwa jikoni.

Siku ya rangi ikafika. Tukatundika nailoni, tukamwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Nikapangusa gari yote na spiriti, kitambaa kimoja kibichi, kingine kikavu kinafuata nyuma kabla haijakauka. Baada ya hapo, mnajua sheria: hata malaika haigusi. Nikaingia nyumbani kuvaa ovaroli safi na kufunga nywele.

Sasa Baba Furaha ni mtu wa kanisa, na kanisa lao linaombea kila kitu. Linaombea nyumba, linaombea friji, linaombea viza. Na nani anaweza kufungia maombi mlango? Nikiwa ndani, Mama Pasta akaingia na akina mama wawili na kichupa cha mafuta ya upako. Huyo ana sauti ya tarumbeta, hata akinong'ona majirani wanasema amina. Wakachora msalaba wa mafuta kwenye boneti, msalaba mlango huu, msalaba mlango ule, wakaweka viganja vyote sita, wakakemea ajali. Halafu, kwa sababu wananijua kwa mdomo wangu, wakapangusa na kitambaa cha kichwa ili nisione doa.

Nikarudi. Sikuona kitu. Nikachukua kile kitambaa cha kunata, cha kuokota vumbi la mwisho. Na hii msikie vizuri: kwa bati safi kitambaa hicho kinavuta kidogo, kama mtoto anayevuta sketi ya mama yake. Penye mafuta kinateleza. Nikapitisha gari yote. Nikaisikia laini sawasawa, boneti sawa na paa, mlango sawa na fenda. Nikasema moyoni, tamu.

Nikapuliza. Nyeusi ikalala vizuri kwenye paa, ikang'aa kama bwawa. Nikashuka kwa boneti, na rangi ikaanza kukimbia. Inafungua macho, macho madogo madogo ya samaki, yanafunguka na kuniangalia, halafu yanapangana. Msalaba. Mlangoni, msalaba. Pembeni yake vidole vitano, vimesimama kama vinaniamkia.

Mama Pasta alikuwa amebaki uchochoroni anachungulia. "Haleluuuya! Mungu amesaini gari!"

"Mungu asaini kwa karatasi!" nikamwambia. "Hii ni rangi!"

Baba Furaha alikaa chini kwenye sakafu yenye maji, na suruali yake ya kazi. "Mama, tulifanya nini? Mama, vraiment, tulifanya nini?" Nikawatukana kanisa zima kwa heshima, nikimwiga Mama Pasta na tarumbeta yake, hata Baba Furaha akacheka akiwa analia. Furaha alikuwa amesimama kwa mlango wa banda. Hakucheka. Aliangalia mikono yangu, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama nilipopitisha kitambaa sikusikia mafuta. Nikamjibu, mafuta yaliyopanguswa nani anayasikia? Alikuwa yule mtoto wa sukari, alijua jibu.

Tukaparua. Harusi ilikuwa imetufikia shingoni. Nilipiga msasa wa maji boneti, mlango wa kushoto, mlango wa kulia. Mlango wa kulia ulikuwa na mafuta mengi, nikapiga mpaka nikafika kwa puti, ikabidi niujenge upya. Unga mweusi wa Ron ulikuwa umeisha kwenye boneti. Nikasema mlango mmoja tu huu, kiganja kitapima. Nikafunga macho. Uwanda, maji, hakuna shimo. Nikapuliza, na safari hii banda nilifunga na kufuli, na ufunguo nikauweka kifuani.

Siku ya harusi jua lilitoka, la kweli. Baba Furaha alikuwa ametandika vitenge kutoka kizingiti cha nyumba mpaka kwa gari, kimoja baada ya kingine, ili kiatu cha mtoto kisiguse barabara ya Lozells. Akina mama wakapiga vigelegele. Watoto wa mtaa walisimama na baiskeli zao, midomo wazi. Gari ilikuwa nyeusi mpaka mawingu yalikuwa yanatembea ndani ya boneti, yamenyooka, kila wingu na ukingo wake. Ron angevua kofia.

Bibi harusi anapanda upande wa kulia, kwa sababu usukani uko ile gauche ya baba yake. Furaha akaja juu ya vitenge, mweupe wote, anatembea kama anaelea. Akasimama mbele ya mlango. Na ndani ya weusi wa mlango, kama kwenye kioo, gauni lake likaanza kucheza. Likapinda kiunoni, likanyooka, likapinda tena, kama nguo iliyotupwa mtoni.

"Ona gauni linacheza ndani ya gari!" Mama Pasta akapiga tarumbeta. "Utukufu!" Wakapiga picha. Baba Furaha alikuwa upande wa pili, ameshika usukani, anapangusa macho na tai yake.

Mimi niliona. Macho yangu niliwaambia ni mazima. Nikasogea, nikaweka kiganja pale pale gauni lilipokuwa linapinda. Uwanda. Maji yametulia. Hakuna kitu. Nikaangalia, wimbi. Nikagusa, hakuna. Nikasimama hivyo, mkono mlangoni, nikakumbuka siku zote zile tamu ambazo sikukutana na jiwe hata moja.

Furaha akampa msimamizi wake maua. Akafunga macho, uso wote ukakunjamana na vipodozi vyake, akapitisha mkono wake karibu na wangu. Mkono ukasimama. Akafungua macho, akaniangalia. Nikamuuliza, kwa sauti ya kumchokoza, "Iko sawa, bab?"

Aliingia ndani ya gari, hakukanyaga chini, baba yake akamwendesha kama alivyomwahidi. Jumatatu mliniona nikiweka kibao cha Ron juu ya meza yenu na kuvua ovaroli, mkafikiri ni magoti. Lakini siku ile, kabla Furaha hajafunga mlango, aliinama, akaniambia kitu sikioni, na hakusema kwa Kiingereza. Kiswahili chake hakijawahi kutumika, hakina mito ya kuwekea mtu kichwa. Alisema:

"Koko, mukono yako ilikufa. Acha kazi."